Uhuru Uliochoma Vijiji

Ndugu wapenda mageuzi, tunapowasifu waasisi wa Marekani kwa tangazo lao la uhuru la mwaka 1776, tuwakumbuke pia Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa 6 ya wenyeji. Kwao, akina mama wakuu wa koo ndio walioteua machifu. Chifu aliyepotoka walimwonya, na asiposikia walimvua madaraka. (Ni nani aliyetufundisha hayo shuleni?) Mwaka 1779, kwa amri ya George Washington, jeshi la Jenerali Sullivan liliteketeza vijiji vyao vipatavyo 40, pamoja na mahindi na miti ya matunda. Sababu iliyotolewa ni kwamba wengi wao waliungana na Waingereza. Sababu hiyo siikubali: Waoneida walipigana upande wa Washington, na mwaka 1788 jimbo la New York likatwaa sehemu kubwa ya ardhi yao.