Mitaa ya mabanda: Ushauri wa wataalamu ni bure wasipomwachia mkazi ujuzi

KUSITISHWA kwa shughuli za USAID, shirika la misaada la Marekani, mwaka wa 2025 kumeyaacha mashirika mengi ya kijamii nchini yakihesabu senti na kuamua ni kazi gani ziendelee na zipi ziachwe. Katika hali kama hiyo, malipo ya wapimaji ardhi, mawakili, wasanifu majengo na wahasibu wanaoyashauri mashirika ya mitaa ya mabanda huwa miongoni mwa gharama za kwanza kupigwa panga. Kwa wengi, ushauri ni anasa. Mfereji wa maji ndio maendeleo.

Hata hivyo, yaliyotokea Mukuru, jijini Nairobi, yanaonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo.

Mnamo Agosti 2017, serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza mitaa ya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Tangazo hilo liligusa takriban familia 100,000 zinazoishi kando ya viwanda vya jiji. Ujenzi mpya ulipigwa marufuku kwa miaka miwili ili mpango wa kuliboresha eneo hilo uandaliwe.

Tangazo hilo halikudondoka kutoka mbinguni. Kwa miaka kadhaa kabla yake, Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakazi lililozaliwa mwaka wa 1996, na hazina ya Akiba Mashinani walikuwa wameshirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore na wanasheria wa taasisi ya Katiba kuchunguza maisha ya Mukuru. Uchunguzi huo ulibaini jambo la kushangaza: maskini wa Mukuru walilipia maji na umeme kwa bei ya juu kuliko wakazi wa mitaa ya kifahari, na huduma yenyewe ilikuwa duni. Malalamiko ya miaka mingi yakageuka kuwa hoja yenye takwimu, ambayo afisa wa serikali hangeweza kuipuuza kwa urahisi.

Hapo ndipo faida ya ushauri wa kitaalamu inapoonekana. Mkazi anajua ni kichochoro kipi hufurika mvua ikinyesha. Asichokuwa nacho ni ramani, kifungu cha sheria na lugha ya ofisini. Mtaalamu naye ana hivyo vyote, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Baada ya tangazo la 2017, zaidi ya mashirika 40 yaligawanywa katika makundi kulingana na taaluma: ardhi, afya, maji na usafi, nyumba, elimu, fedha na mazingira. Wakazi nao walijipanga kuanzia nyumba kumi kumi hadi ngazi ya mtaa, ili maoni ya mama muuza mboga yafike mezani pamoja na ya mhandisi.

Mvutano ulizuka mapema kuhusu barabara. Kanuni za kawaida za mipango ya miji hutaka barabara pana, na kuzifuata neno kwa neno kungebomoa nyumba nyingi mno. Kwa kujadiliana mtaa kwa mtaa, wakazi na wataalamu walipendekeza njia nyembamba zaidi, ambazo zingepitisha maji, taka na magari ya dharura bila kuwafukuza watu wengi. Mshauri aliyejifungia ofisini hangefikia uamuzi huo.

Matunda yalianza kuonekana mwaka wa 2020, wakati Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, iliyoongozwa na Jenerali Mohammed Badi, ilipoanza kujenga barabara, kuchimba visima na kulaza mabomba ya majitaka Mukuru. Serikali ilikuta kazi ya kupanga imekwisha kufanywa.

Lakini mwaka uliofuata ulifichua udhaifu wa mpango wowote usioshika mzizi wa tatizo. Mwishoni mwa 2021, matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara, na maelfu ya watu wakabaki bila makao. Mnamo 2024, baada ya mafuriko ya masika, nyumba zilizokuwa kando ya mto Ngong zilibomolewa. Utafiti na mikutano ya miaka yote hiyo haikutosha kuwakinga.

Mzizi wenyewe ni ardhi. Sehemu kubwa ya Mukuru iligawiwa watu binafsi na kampuni katika miaka ya themanini na tisini kwa masharti kwamba wangejenga viwanda vidogo. Wengi hawakujenga, ila hati zimesalia mikononi mwao. Mshauri anaweza kuchora barabara na shule. Hawezi kufuta hati. Hilo ni jukumu la Serikali, Tume ya Ardhi na mahakama.

Suala la pili ni mpangaji. Idadi kubwa ya wakazi wa Mukuru hawamiliki mabanda wanamolala. Barabara ikiwekwa lami na maji yakifika mlangoni, mwenye nyumba huona sababu ya kuongeza kodi. Mshauri asiyeuliza ni nani atakayebaki baada ya mtaa kupendeza huenda akawasaidia wenye mabanda kuwafurusha wale wale waliotajwa katika ombi la ufadhili. Swali hilo linazihusu pia nyumba mpya za Serikali, ambazo 1,080 za kwanza zilikabidhiwa wenyewe Mukuru mnamo Mei 2025.

Suala la tatu ni ujuzi wenyewe. Mara nyingi mkataba ukiisha, mtaalamu huondoka na takwimu katika tarakilishi yake, na kuwaachia wakazi ripoti nene kwa Kiingereza ambayo wachache wataisoma. Mwaka unaofuata mshauri mwingine hulipwa kuhesabu nyumba zile zile.

Fedha zinapopungua, basi, si busara kufuta ushauri wote, wala kuulipia kama zamani. Mashirika yanapaswa kudai katika mikataba kwamba takwimu na ramani ni mali ya wakazi, kwamba muhtasari utolewe kwa Kiswahili, na kwamba vijana wa mtaa wafunzwe kupima, kuhesabu na kuweka vitabu vya fedha. Kaunti nayo haina budi kutenga fedha zake, kwa kuwa kupanga mji ni kazi yake kisheria, si hisani ya wafadhili.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mukuru imepokea wageni wengi wenye elimu. Kipimo cha kazi yao ni iwapo mkazi, siku tingatinga litakaporudi, atakuwa na ramani mkononi na atajua ofisi ya kuipeleka.