Kenya: 'Machafuko', neno lisilo na mtenda

Lugha ya siasa nchini Kenya haina uhaba wa maneno ya ugomvi. Mpinzani hushindana nawe kwa kura. Hasimu hakutakii mema. Adui, aghalabu, ni mpinzani yule yule usiku wa kuamkia matokeo. Hata hivyo, linalostahili kuchunguzwa zaidi ni machafuko.

Bahari huchafuka, hali ya hewa huchafuka, wala haulizwi mtu. Ndivyo yalivyoitwa yaliyozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Lakini tume ya Jaji Philip Waki, katika ripoti yake ya Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, 405 kati yao kwa risasi. Risasi haijifyatui. Wala waliochomwa moto kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, Januari 1, 2008, hawakukumbwa na dhoruba.

Mauaji humtaka muuaji. Machafuko hayamtaki mtu, na ndiyo maana wanasiasa wa pande zote hulipendelea neno hilo. Kesi za Uhuru Kenyatta na William Ruto, walioyakana mashtaka, zilifungwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2015 na 2016 bila ya yeyote kutiwa hatiani. Katika taarifa za habari, jina limebaki lile lile.