Altrasaundi si ya Wajawazito Peke Yao

Wengi wetu hapa Samuye tunaijua altrasaundi kuwa ni kipimo cha mama mjamzito. Lakini kipimo hicho huonyesha pia ugonjwa wa mishipa ya damu.

Je, huonyeshaje? Maji ya mto yapitapo mahali papana hutulia. Yakibanwa na mawe huvuma. Damu nayo ni hivyo hivyo. Mshipa ukizibwa nusu na mafuta, damu huvurugika na nyama za jirani hutikisika. Mtikisiko huo ni mdogo kuliko unene wa unywele, lakini mawimbi ya altrasaundi huweza kuupima. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, wameufanyia utafiti.

Hata hivyo, tusingoje mashine. Mvumo huo ukiwa mkubwa husikika kwa chombo kile cha masikioni ambacho mganga hukuwekea kifuani. Vidole vyake navyo huhisi mapigo ya damu juu ya unyayo.

Ukiwa na presha au kisukari, au ukivuta sigara, na mguu huuma utembeapo na kuacha upumzikapo, usiseme umerogwa. Nenda zahanati mapema. Omba upimwe presha na mapigo ya mguu. Pakiwa na shaka utaandikiwa rufaa. Nasi waganga wa vijijini tusikubali mgonjwa wa kisukari aondoke hajavua viatu.

Kidonda cha mguu usiopata damu hakiponi kwa dawa ya kupaka. Anayechelewa huweza kukatwa mguu. Je, mkulima asiye na mguu atalimaje?