Si muziki wa matanga, ni chelo

MADA ya leo imeletwa na barua ya mama mmoja wa mtaa wa Buruburu, Nairobi. Asema kijana wake yuko kidato cha nne, na kila usiku baada ya chakula hujifungia chumbani na vitabu vyake, simu ameiegesha dirishani ikitoa muziki wa taratibu usio na mwimbaji wala ngoma. Ala ni moja tu, nzito, kama mzee anayeimba mdomo ukiwa umefumbwa. Baba mtu hautaki kabisa. Kwake yeye huo ni muziki wa matanga, na amekwisha sema hataki kilio nyumbani mwake ilhali hakuna aliyekufa. Kijana ameuzima, lakini tangu siku hiyo halali vizuri, hasemezani na babake, na chajio kinaliwa kimya kimya. Mama auliza: je, muziki huu una faida yoyote, ama ni ukaidi wa ujana tu?

Kwanza nimtetee baba kidogo. Wakenya wengi wa rika lake waliujua muziki huu kupitia redio, nayo redio ilikuwa na desturi yake. Kiongozi mkubwa akifariki, salamu za wasikilizaji hukatizwa, rumba hunyamaza, na badala yake huja nyuzi za Ulaya zikilia polepole. Sikio lililofunzwa hivyo tangu utotoni haliwezi kulaumiwa. Hata hivyo, kosa si la ala. Ukipiga kengele ya shule kila mara mtu anapofiwa, baada ya miaka kumi watoto watalia wakisikia kengele.

Ala yenyewe inaitwa chelo. Ni ya ukoo mmoja na fidla, ila fidla hushikwa begani, na chelo, kwa ukubwa wake wa kiasi cha sentimita 120, husimamishwa sakafuni kwa mwiba wa chuma, mpigaji akiwa ameketi na kuibana kwa magoti. Ina nyuzi nne. Mkono wa kushoto hubonyeza nyuzi hizo na wa kulia huzisugua kwa upinde uliofungwa nywele za mkia wa farasi. Usidhani hilo ni jambo geni kwetu. Waluo wana orutu yao ya uzi mmoja, inayosuguliwa kwa upinde vivyo hivyo, na Wakikuyu walikuwa na wandindi. Nako Unguja, vikundi vikubwa vya taarabu vimekuwa na chelo kwa miaka mingi, imeketi pamoja na fidla, ganuni na udi. Huenda baba wa Buruburu amewahi kutikisa kichwa kwa sauti ya chelo asijue.

Basi kwa nini ala hii, zaidi ya nyingine, humtuliza mtu? Sababu moja ni kwamba sauti yake inakaa pale pale inapokaa sauti ya binadamu. Inaanza chini kuliko mwanamume mwenye sauti nzito na kupanda hadi kwenye sauti ya mwanamke. Sababu ya pili ni upinde. Mpiga piano akishagonga, sauti yake huanza kufifia papo hapo. Mpiga chelo anaweza kuirefusha sauti moja, akaikuza, akaipunguza, kama pumzi. Nawe unayesikiliza, bila ya kuambiwa, unaanza kupumua naye.

Lakini ukitaka kujua uzito wa muziki huu, hebu nikusimulie habari za Pablo Casals. Alizaliwa mwaka 1876 katika mji mdogo wa El Vendrell, huko Katalunya, Hispania. Mwaka 1890, akiwa mvulana wa miaka 13, alikuwa akitembea na babake Barcelona, karibu na bandari, wakitafuta karatasi za muziki. Katika duka moja la vitu vilivyotumika alikuta kitabu kikuukuu: tungo sita za chelo pekee, bila ya kinanda wala ala nyingine, zilizoandikwa na Mjerumani Johann Sebastian Bach. Bach alizitunga yapata mwaka 1720 alipokuwa akimtumikia mtawala wa Köthen. Nakala ya mkono wake mwenyewe ilipotea, na leo tunazo kwa sababu mkewe, Anna Magdalena, alizinakili. Kwa miaka mingi watu walizichukulia kuwa mazoezi ya wanafunzi tu, mfano wa jedwali la hesabu.

Yule mvulana alizichukua nyumbani akazipiga kila siku. Alipitisha miaka 12 kabla ya kuthubutu kuipiga hata moja mbele ya watu. Fikiria hilo, wewe mwanafunzi unayekata tamaa ya hesabu baada ya wiki mbili! Alizirekodi zote kati ya 1936 na 1939, na miaka hiyo ndiyo nchi yake ilikuwa ikichomeka kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jenerali Franco aliposhinda, Casals alihamia mji wa Prades, upande wa Ufaransa, karibu na mpaka wa kwao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alipoona mataifa makubwa yanamwachia Franco kiti chake, aliweka upinde chini, akakataa kufanya matamasha hadharani. Huyu alikuwa mtu aliyeishi kwa upinde huo.

Mwaka 1950, miaka 200 tangu kifo cha Bach, wanamuziki wenzake walimwambia: kama hutaki kutoka, sisi tutakuja kwako. Wakaenda Prades, naye akapiga. Mwaka 1971, akiwa na miaka 94, alialikwa Umoja wa Mataifa, New York, na hapo alipiga wimbo wa kienyeji wa Katalunya unaohusu ndege. Alifariki Oktoba 1973 akiwa Puerto Rico. Hakuiona Hispania isiyo ya Franco, kwa maana Franco alikufa miaka miwili baadaye. Mabaki yake ndiyo yaliyorudishwa El Vendrell, mwaka 1979.

Sasa zile tungo alizozikuta dukani ndizo hasa ambazo kijana wa Buruburu, na maelfu kama yeye, huzitafuta simuni chini ya jina la muziki wa kutuliza. Kila moja ina sehemu sita: utangulizi, halafu ngoma tano za kale za Ulaya, zilizopungua mwendo hadi hazichezeki tena. Ule utangulizi wa kwanza unaopendwa na wote hauna wimbo wa kushika. Ni sauti zinazopanda na kushuka kama mawimbi madogo ya ufuoni, moja ikimfuata mwenzake, kwa dakika mbili na ushei. Mimi, kwa ladha yangu, napenda zaidi ngoma iitwayo sarabandi, ambayo huwa ya nne katika kila utungo. Hiyo ndiyo ya mtu aliyetoka kazini, akapanda matatu mbili zenye kelele, akafika nyumbani hana la kusema.

Je, wataalamu wanasemaje? Hapa nakuomba uwe mwangalifu, kwa kuwa kuna maneno mengi ya biashara. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, tawi la Irvine, waliwapa wanafunzi 36 muziki wa Mozart kwa dakika kumi, kisha wakawapima kwa mafumbo ya maumbo. Walifanya vizuri kidogo, na faida yenyewe haikupita robo saa. Hakuna mtoto mchanga aliyepimwa. Lakini habari zilienea kwamba Mozart huongeza akili za watoto, hata mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, akaomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki huo. Watu walitajirika kwa kuuza kanda. Kwa hivyo, mama, muziki huu hautamfanyia kijana mtihani. Mwenye kukuambia hivyo anakuuzia kitu.

Utafiti ninaouheshimu zaidi ni wa madaktari wa Pavia, Italia, uliochapishwa mwaka 2006. Waliwasikilizisha watu 24 muziki wa aina sita tofauti huku wakiwapima moyo, pumzi na shinikizo la damu. Muziki wa kasi uliharakisha vyote hivyo, awe msikilizaji anaupenda au haupendi. Wa polepole haukufanya hivyo. Jambo lililowashangaza ni hili: katikati ya muziki walikuwa wameweka kimya cha dakika mbili, na katika kimya hicho mwili ulitulia kuliko hata kabla ya kuanza.

Tafsiri yake nyumbani ni nyepesi. Usiuache muziki ukivuma saa tatu mfululizo kama jenereta. Sikiliza utungo mmoja, uzime, ukae kidogo. Wakati wa kusoma, nyimbo zenye maneno huvuruga maneno yaliyo kitabuni, na ndiyo maana chelo ni afadhali kuliko bongo fleva, hata ikiwa unaipenda bongo fleva kama ninavyoipenda mimi. Ila ukiona umeanza kuusikiliza muziki na kuacha kitabu, zima. Sauti nayo iwe ya chini kiasi cha mtu kuweza kukuita kutoka sebuleni ukamsikia. Hilo la mwisho pekee lingeweza kuleta amani Buruburu.

Nisije nikadanganya kwamba chelo yote ni usingizi. Baba ana sehemu yake ya ukweli. Mwaka 1919 Mwingereza Edward Elgar alitunga kazi ya chelo na okestra, vita vikuu vimetoka kuisha na mkewe akiwa amedhoofika. Mke huyo alifariki mwaka uliofuata. Onyesho la kwanza liliharibika kwa kukosa mazoezi ya kutosha, na kwa miongo mingi kazi hiyo haikupata sifa iliyostahili. Mwaka 1965 msichana wa miaka 20, Jacqueline du Pré, aliirekodi pamoja na okestra ya London Symphony, na tangu hapo watu hawaisikii bila kumkumbuka yeye. Kabla hajatimiza miaka 30 vidole vyake vilianza kufa ganzi. Ulikuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na mwaka 1973 madaktari waliuthibitisha. Hakupiga tena hadharani. Alifariki mwaka 1987, akiwa na miaka 42. Ukitaka kutulia baada ya siku mbaya, usianzie hapo. Ukiwa umefiwa kweli, ama unabeba jambo usiloweza kumwambia mtu, huenda hapo ndipo pa kuanzia, na hakuna aibu.

Kwa nyumba yenye watoto wadogo, anza na utungo wa Mfaransa Camille Saint-Saëns kuhusu bata-maji, ulio katika mkusanyo wake wa wanyama wa mwaka 1886. Huchukua kama dakika tatu tu. Piano hutembea chini kama maji, chelo inateleza juu yake. Mtunzi aliuona mkusanyo ule kuwa mzaha, akakataza usichapishwe akiwa hai, akihofia jina lake. Wimbo wa bata-maji pekee ndio aliouruhusu. Waambie watoto wafumbe macho wakisikiliza, halafu waulize wameona nini. Majibu yao yatakuchekesha.

Na wale wanaosema huu ni muziki wa Wazungu, wamsikilize Sheku Kanneh-Mason. Alizaliwa Nottingham mwaka 1999, mamake ana asili ya Sierra Leone, babake asili ya Antigua, na nyumbani kwao watoto ni saba, wote wanapiga ala. Mwaka 2016 alishinda shindano la BBC la wanamuziki chipukizi, Mweusi wa kwanza kulishinda, na mwaka 2018 akapiga kwenye harusi ya Mwanamfalme Harry. Ndiyo, harusi, wala si matanga.

Hapa Nairobi pia kuna pa kwenda. Korogocho, mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukifundisha vijana ala za okestra tangu mwaka 2008, jirani na jaa la Dandora. Chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire, kilichoanzishwa mwaka 1944, hufundisha hata watoto. Usiogope ukubwa wa ala, kwani kuna chelo za nusu na za robo kwa ajili ya mikono midogo. Lakini usikimbilie kununua. Bei yake inauma, na mtoto anaweza kubadili nia kabla ya Krismasi. Uliza kwanza kama kuna ya kukodi ama ya kuazima.

Kabla ya hayo yote, mpeleke kijana akaisikie chelo ya kweli siku Nairobi Orchestra inapofanya tamasha, na umshawishi mzee aje pia. Simu haiwezi kuzileta zile sauti za chini. Ukiwa ukumbini, mngurumo wake unausikia hadi kwenye mbao za kiti. Fikeni mapema, mkakae upande wa kulia mnapoitazama jukwaa, maana wapiga chelo mara nyingi hupangwa upande huo.