Wazazi, Tusiwaibie Watoto Hesabu Zao

Mashindano ya hisabati ya mtandaoni sasa yamefika mpaka sebuleni kwetu. Zamani mtoto wa shule ya msingi alipimana na wenzake wa darasa lake, na akibahatika, wa kata yake. Leo mzazi anaandikisha jina la mwanawe kwa simu, siku ikifika mtoto anaketi mezani, dakika zinahesabiwa kwenye kioo, na maswali yaliyo mbele yake ndiyo hayo hayo yanayomkunisha kichwa mtoto wa nchi ya mbali. Hii ni neema. Naandika ili tusiichafue kwa mikono yetu wenyewe.

Mashindano ya namna hii yalianza kabla ya simu janja. Australia ilianzisha ya kwake ya kitaifa mwaka 1978. Mwaka 1991 walimu wawili wa Ufaransa, André Deledicq na Jean-Pierre Boudarel, waliufuata mfano huo, na kwa kuwaenzi Waaustralia wakayapa mashindano yao jina la kangaruu. Hawakuwa wakimsaka bingwa mmoja. Walitaka watoto wengi, hata wale wa katikati ya darasa, waonje utamu wa swali zuri. Leo mamilioni ya watoto katika nchi nyingi hushiriki kila mwaka, mwezi wa Machi. Korona ilipofunga shule mwaka 2020, nchi kadhaa ziliyahamishia mtandaoni, na hapo msimamizi akabadilika. Darasani alisimama mwalimu; nyumbani amekaa mzazi. Mzazi ana huruma, na huruma ina mkono mwepesi.

Nasema haya kwa kuwa nami nimo. Mwaka juzi nilikuwa kwa dada yangu, Tanga, na binti yake wa darasa la tano alikuwa akishindana. Niliketi kando yake, eti namsimamia. Zilipobaki dakika chache na maswali manne, nikamwona anatafuna penseli. Roho ikaniuma, nikamnong'oneza jibu moja, kisha la pili, mwishowe yote manne. Baada ya wiki mbili cheti kilifika kwenye simu ya mama yake, kimenakshiwa kwa rangi ya dhahabu. Dada alitaka kikachapwe na kutiwa fremu. Mtoto akakataa. Aliniita pembeni akasema, "Mjomba, kile si changu." Sikupata la kumjibu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na yule mtoto aliusikia ubaridi kabla yangu.

Mwaka uliofuata nilikaa barazani. Mlango ulikuwa wazi, nikawa namwona mgongo tu. Alipomaliza alinijia na karatasi aliyofanyia hesabu. Swali moja lilikuwa la zizi lenye kuku na mbuzi: vichwa 12, miguu 34, mbuzi ni wangapi? Ningekuwa kando yake ningemwambia aandike milinganyo miwili, maana ndivyo nilivyofundishwa mimi. Yeye alikuwa amechora mbuzi.

"Niliwaamuru mbuzi wote wasimame kwa miguu ya nyuma, Mjomba. Basi mle zizini kila mmoja kakanyaga kwa miguu miwili, awe kuku awe mbuzi. Vichwa 12, miguu 24 iko chini. Iliyobaki ni 10, iko juu, na kila mbuzi kainua miwili. Mbuzi watano."

Na kuku saba. Hesabu imekwisha, tena bila kanuni yoyote aliyokaririshwa. Kama ningemnong'oneza, fikra ile isingezaliwa, na wala nisingejua kwamba nimeiua.

Wazazi wenzangu, hapo ndipo penye thamani ya mashindano haya. Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka hapa Tanzania, hisabati huwa miongoni mwa masomo yanayowaangusha vijana wengi. Tunalaumu upungufu wa walimu na vitabu, na lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini ipo sababu nyingine tunayoilea wenyewe: tumemzoesha mtoto kungoja. Anangoja kanuni, kisha mfano ubaoni, ndipo afanye maswali kumi yanayofanana na ule mfano. Likija swali lisilofanana anaweka kalamu chini na kusema, "Hili hatujafundishwa." Swali la mashindano limetungwa makusudi lisifanane na mfano wowote. Linamtaka mtoto achore, ajaribu, akosee, afute, aanze tena. Mzazi anapolijibu, au anapomruhusu mtoto alipige picha na kuiachia programu ya simu itoe jibu, anamrudisha kwenye kungoja kule kule. Mtoto anatoka mle na alama nyingi na akili ile ile aliyoingia nayo.

Tusidanganywe na kung'aa kwa medali pia. Yapo mashindano ambayo mzazi akilipa ada tu, karibu kila mtoto hupata nishani ya kuning'iniza ukutani. Kabla ya kutoa fedha, omba maswali ya miaka iliyopita. Ukiona ni kujumlisha na kuzidisha kwa haraka, mwanao anayafanya hayo shuleni bure. Ukiona yanamfanya anyamaze, atazame dari, kisha atabasamu, hapo pana kitu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya watoto wa mjini, wenye kompyuta na bando lisilokatika. Hoja hiyo naiheshimu, ila naomba tusiifanye kisingizio. Mashindano ya Purple Comet, yaliyoanzia Marekani mwaka 2003, hufanyika mtandaoni na hayana ada. Mshindani ni timu, wanafunzi wasiozidi sita, chini ya macho ya mtu mzima. Timu za ngazi ya chini hupewa maswali 20 na saa moja. Tazama hesabu hiyo: watoto sita, kompyuta moja, karatasi na penseli. Ni shule ngapi za wilayani zisizoweza kupata kompyuta moja kwa saa moja kwa mwaka? Na hata pasipo kompyuta, swali likishanakiliwa ubaoni halidai umeme wala bando. Mwalimu mwenye simu janja anaweza kulibeba kutoka mjini hadi darasa la nyasi.

Wala tusiseme akili za kuhangaikia swali gumu ziko ng'ambo tu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliona maziwa yake ya moto yakiganda na kuwa aiskrimu kabla ya yale yaliyopoa. Aliuliza sababu akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Profesa Denis Osborne aliyewatembelea, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi kwenye maabara yake, jambo likajaribiwa, na mwaka 1969 wawili hao wakalichapisha. Wanasayansi bado wanabishana juu yake, na jambo lenyewe linaitwa kwa jina la Mpemba. Kijana yule hakunong'onezewa jibu na mtu. Alichohitaji ni mtu mzima mmoja wa kulichukua swali lake kwa uzito.

Basi tuanze na tulichonacho. Mwalimu, tenga saa moja ya Jumamosi, andika swali moja tu ubaoni, wagawe watoto sita sita, kisha uvumilie ukimya wao. Mwalimu mkuu, ofisi yako ina kompyuta. Siku ya mashindano wafungulie watoto mlango. Mzazi, siku hiyo mpe mtoto chai, mpe karatasi safi na penseli iliyochongwa, weka simu yako mbali, utoke chumbani. Akikosa maswali mengi, usimgombeze wala usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mwambie achague moja alilolikosa, mlale nalo, mlirudie kesho. Na akikujia barazani na karatasi yake iliyojaa michoro na kufutwafutwa, usikimbilie kumuuliza amepata ngapi. Sogea kwenye mkeka, mpishe akae, umwambie: "Haya, nieleze, mbuzi uliwasimamishaje?"