TUKIMBIE SAA NGAPI, NA TULE NINI?

Ndugu wafanya kazi wa reli,

Karatasi ile mmeiona, maana imebandikwa karibu na kitabu cha zamu, mahali ambapo hakuna awezaye kupita bila kuiona. Ina picha ya kijana aliyevaa viatu vyeupe vya kukimbilia, meno yote nje, ameshika tofaa mkononi. Chini yake tumeandikiwa kwamba afya ya mtu ni juu yake mwenyewe: tuamke mapema tukimbie, tule mboga na matunda, tupunguze chumvi na sukari, tulale saa nane. Ndugu mmoja wa zamu ya usiku amesema amri hii ya mwisho ameitii siku nyingi, kwa sababu saa nane ndiyo saa anayofika kitandani.

Tumecheka, na sasa tuache kucheka. Mashauri yale ni ya kweli karibu yote. Ndugu zetu wanaugua presha na ugonjwa wa sukari wakiwa bado na watoto shuleni. Dereva akienda kwa daktari wa kazi akakutwa presha imepanda, huteremshwa kwenye injini. Hupewa kazi ya kiti au ya uwanjani, posho ya safari hukoma siku ile ile, na karo ya shule haingoji apone. Sisi hatusemi asiteremshwe. Mtu anayeweza kuanguka kwa kiharusi hafai kuongoza treni yenye abiria. Tunalosema ni kwamba kabla ya kuteremshwa alikaa miaka kumi na mitano juu ya kiti kile, kwa saa alizopangiwa na wengine, akila alichokikuta njiani. Aliyempangia saa hizo ndiye leo anayembandikia picha ya tofaa.

Wala neno hili si la kwetu peke yetu. Mjini London, Daktari Jeremy Morris na wenzake waliwachunguza watumishi wa mabasi ya ghorofa, wakatangaza waliyoyaona mwaka 1953. Dereva wa basi hukaa kutwa. Kondakta wake, siku zile, alipanda na kushuka ngazi za basi kutwa akikata tikiti. Hao ni watu wa mji mmoja, kazi moja na barabara zile zile. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva, na walipopatwa haukuwaua kwa wepesi kama ulivyowaua wenzao. Wakatazama na watu wa posta, wakakuta kwamba wapeleka barua wa miguu na baiskeli walikuwa na afueni kuliko makarani. Mwaka 1956 waliandika hata habari za suruali za yunifomu, kwamba za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni kuliko za makondakta. (Ndugu yetu wa stoo ya yunifomu angetupa habari hiyo bila kwenda chuo.) Wako waliouliza kama wanene ndio waliouchagua udereva tangu mwanzo, na swali hilo ni la haki. Lakini tangu hapo uchunguzi mwingi umefanywa katika nchi nyingi, na jibu limebaki lile lile: mwili uliokaa kutwa huharibika.

Sasa tazameni vizuri. Kondakta yule hakubandikiwa picha ya mtu anayekimbia. Hakuamka saa kumi za usiku kufanya mazoezi. Alifanya kazi yake tu, na kazi ikamfanyia mwili wake mema. Dereva naye alifanya kazi yake tu, na kazi ikamla moyo. Basi kama kazi ndiyo iliyotengeneza mwili wa huyu na kuuharibu wa yule, kwa nini tukiongea habari za afya tunaambiwa tumtazame mtu tu, na kazi isitazamwe?

Karatasi yenyewe haijui inasema na nani. Mtu wa genge, ambaye tangu asubuhi anatembea juu ya kokoto, anainua mataruma na kupiga nyundo juani, anaambiwa akimbie! Huyo anahitaji maji, kivuli, mgongo kupumzika na chakula cha kutosha. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mashauri yake mwaka 2020 lilisema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, na likahesabu ndani yake kutembea, kazi za nyumbani na kazi ya ajira pia. Mtu wa genge amekwisha kuzimaliza Jumanne. Anayepungukiwa ni dereva, karani, mtu wa kompyuta za ishara na dada zetu wa dirisha la tikiti. Na hao dada, je, wakimbie alfajiri gizani katika mitaa yetu? Aliyeandika karatasi ile, inaonekana, anakaa mahali penye taa.

Mazoezi yanataka saa, na saa zetu ziko mikononi mwa mwingine. Mwaka 2021 Shirika la Afya na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao: katika mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Wakasema mtu wa saa hizo ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya mtu wa saa 35 hadi 40. Hesabuni wenyewe saa za juma lililopita, pamoja na saa za kungojea treni iliyochelewa, ambazo hazihesabiwi na mtu ila mke wako.

Haya, chakula. Hapa ndipo penye neno kubwa.

Kantini inafungwa jioni, na treni hazifungwi. Mtu wa zamu ya usiku anabeba mkate mweupe na soda, au ananunua mandazi na viazi vya mafuta kwenye kibanda kilicho wazi. Hatumlaumu mama wa kibanda. Huyo mchana anatupikia githeri, ndengu na sukuma wiki, na pengine yeye ndiye daktari tuliye naye peke yake. Lakini usiku amelala, kama watu wote wenye akili. Soda nyingi zina sukari karibu gramu 10 katika kila mililita 100. Basi chupa ya nusu lita ni gramu 50, vijiko vya chai kumi na viwili. Kwa mtu wa kazi ya kukaa, kiasi hicho ndicho mpaka wa kutwa nzima kwa mashauri ya Shirika la Afya, naye ameumaliza kabla hajagusa chai. Chumvi nayo wanasema isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Tia hesabu ya viazi vya kibandani.

Na hapa tuambiane sisi kwa sisi, maana si kila kosa ni la tajiri. Kuna majivuno yaliyotuingia, kwamba mkate mweupe na soda ni chakula cha mtu aliyeendelea, na kwamba kunde, wimbi, viazi vitamu na managu ni chakula cha nyanya shambani. Mahindi tunayakoboa mpaka unga unakuwa mweupe kama karatasi, na pumba na kiini chenye nguvu wanapewa ng'ombe. Tangu 2012 sheria ya Kenya inawalazimu wenye viwanda kurudisha vitamini na madini katika unga wa pakiti. Maana yake serikali yenyewe imekiri kwamba kitu kilitolewa. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za Danieli na wenzake watatu, waliokataa chakula cha mfalme, wakaomba mboga na maji kwa siku kumi, na nyuso zao zikaonekana njema kuliko za wale wengine. Lakini msisahau nusu ya pili ya habari ile: aliyekuwa msimamizi wa chakula alikubali kuwapa. Danieli hakuambiwa akazitafute mboga mwenyewe saa sita za usiku.

Wako ndugu wanaosema, "Chama ni cha mshahara. Mambo ya mboga wapelekeeni akina mama wa kanisa." Tunawajibu hivi. Reli ya kutoka Mombasa mpaka Ziwa ilijengwa kati ya 1896 na 1901. Kila mtoto anajua habari za simba wa Tsavo wa 1898. Patterson, aliyewaua simba wale, alihesabu makuli 28 wa Kihindi walioliwa. Lakini katika kazi ile nzima walikufa Wahindi karibu 2,500, na zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wagonjwa au vilema. Simba wawili hawakuyafanya hayo. Homa, kuhara, vidonda, maji mabaya na kazi isiyo na kadiri ndivyo vilivyofanya, na havikuandikiwa vitabu kama simba. Nao walikuwa na mshahara, tena umeandikwa katika mkataba. Mshahara bila mwili unatumwa kwa mjane.

Na siku hizi tunalipia ugonjwa kabla haujafika. Tangu Oktoba 2024 kila mwezi tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Kukatwa hatukatai. Lakini mtu anayetoa fedha ya hospitali kila mwezi ana haki ya kuuliza ni nini kinachompeleka huko.

Sheria inasemaje? Someni Sheria ya Ajira ya 2007, nanyi mtaona jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa. Kifungu cha 27 kinampa kila mfanya kazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kifungu cha 32 kinamwamuru tajiri kuwapa watu wake maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Hayo ni ya lazima, tuwe tumeomba au hatukuomba. Lakini kifungu cha 33, ambacho ni cha chakula, kinasema tajiri atamlisha mtu vizuri pale tu ambapo chakula kilipatanwa katika mkataba. Pale tu kilipopatanwa! Basi kama chakula hakimo katika mapatano yetu, tunaweza kulalamika mpaka sauti ikauke, na ofisi itatuonyesha sheria na kutuaga kwa heri. Mlango umewekwa, na ufunguo wake ni meza ya mapatano.

Kwa hiyo tunataka mambo haya yaingie katika mapatano yajayo, kwa maandishi. Chakula cha moto kwa zamu ya usiku, chenye maharagwe au ndengu au omena, na mboga za majani, kwa bei ile ile ya mchana. Saa ya kula iwe saa ya kula, isiwe dereva anatafuna mkono mmoja uko kwenye breki. Zamu zisigeuzwe ovyo, leo usiku, kesho alfajiri, mpaka mtu hajui jua limechomoza upande gani. Maji yapelekwe kwa magenge huko huko yaliko. Kupimwa presha na sukari kila mwaka wakati wa kazi, na anayekutwa na ugonjwa mapema apewe dawa na zamu nyepesi bila kupunguziwa mshahara, ili watu waache kumkimbia daktari. Maana hilo nalo lipo: dereva anajua kichwa kinamgonga, lakini hasemi, kwa kuogopa kuteremshwa. Huko kunyamaza kuna hatari kuliko soda zote, kwake na kwa abiria mia kadhaa walio nyuma yake.

Yaliyo mikononi mwetu tusiyangojee mapatano. Madereva na makarani, shukeni kituo kimoja mapema mkatembee. Nusu saa kwa siku tano inatosha, wala haihitaji viatu vyeupe. Wa landi moja wanaweza kuchanga fedha za sufuria ya maharagwe ya juma zima, kwa gharama ya chini kuliko mandazi ya kila usiku. Kiwanja cha mpira kilicho nyuma ya karakana kimeota majani kwa sababu yetu, si kwa sababu ya tajiri. Lakini mtu asije akatuambia kwamba tukikata majani yale basi habari ya zamu imekwisha.

Mwezi huu wote, kila memba aandike saa aliyoingia kazini, saa aliyotoka, saa aliyopewa kula, alichokula na bei yake. Aandike na siku ambazo saa ya kula haikupatikana kabisa. Asiandike maneno ya hasira, aandike saa tu. Karatasi ziko kwa makatibu wa matawi, na za magenge ya mbali zitapelekwa na magadi wa treni za mizigo. Zirudishwe kabla ya tarehe ya mwisho wa mwezi, zikiwa na jina la stesheni tu. Jina la mtu halitakiwi. Na ile picha ya kijana wa tofaa msiichane. Tutaipeleka mezani pamoja na karatasi zenu.