MAONI: Samaki wa mapambo si wa matajiri pekee, mtego ni bakuli dogo

Ukitaja kufuga samaki wa mapambo, wengi huwazia mapokezi ya hoteli kubwa au sebule ya Runda: tangi la urefu wa ukuta, taa za buluu na mfanyakazi wa kulisafisha. Ndiyo maana kijana anayeishi bedsita Roysambu au Umoja akitamani samaki hukimbilia kile anachodhani ndicho kiwango chake, yaani bakuli la kioo la lita tatu, goldifishi wawili na pakiti ya chakula. Wiki moja baadaye samaki mmoja anaelea tumbo juu. Wa pili hachukui muda. Kijana anarudi dukani kununua wengine, na mchezo unaanza upya.

Msimamo wetu ni kwamba uraibu huu unaweza kumudiwa na mtu wa mapato ya kawaida, lakini si kwa njia hiyo. Bakuli dogo ndilo linalomaliza chapaa. Anayeliuza akijua hivyo, kisha akanyamaza, hamtendei mteja wake haki, sembuse samaki.

Tatizo ni uchafu. Samaki huishi, hula na kwenda haja katika maji hayo hayo. Matamvua yake, kinyesi chake na chakula kinachooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati. Hiyo ya mwisho haina ukali mwingi na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huchukua takriban wiki nne hadi sita kujijenga. Kwenye lita tatu za maji mapya hawapo, na sumu hupanda haraka kuliko unavyoweza kuifuatilia. Goldifishi naye, anayeuzwa akiwa mdogo kama kidole, hukua kupita sentimita 20 akitunzwa vizuri, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Kumweka kwenye bakuli ni kama kulea ndama ndani ya bafu la bedsita.

Kwa hivyo kitu muhimu kuliko vyote hakiuzwi: kusubiri. Jaza tangi, washa pampu, tia chembe chache za chakula kila baada ya siku mbili ili bakteria wapate riziki, na usiweke samaki. Najua inachosha kutazama maji matupu mwezi mzima huku marafiki wakikuuliza samaki wako wapi. Kuna njia ya mkato inayokubalika. Ukimjua msee mwenye tangi la zamani ambalo samaki wake ni wazima, muombe kipande cha sponji yake chafu. Ule uchafu wa kahawia ndio makao ya bakteria, na hapo umeokoa wiki kadhaa bila kutoa hata shilingi.

Sasa tangi lenyewe. La sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54, na kwa anayeanza huo ni ukubwa mzuri. Si lazima liwe jipya. Watu huhama nyumba na huchoka na uraibu wao, hivyo matangi yaliyotumika hupatikana mitandaoni na kwenye magrupu ya mtaa. Kabla hujalipa, omba lijazwe maji uone kama linavuja. Fundi wa vioo mtaani pia anaweza kukuundia, mradi atumie kioo cha milimita sita na silikoni isiyo na dawa ya kuua kuvu. Ile ya bafuni mara nyingi huwa na dawa hiyo, nayo huua samaki. Na kama kioo bado ni ghali, beseni kubwa la plastiki ni sawa kabisa. Litakunyima picha nzuri za TikTok, lakini samaki hajali.

Jambo ambalo wengi hawapigii hesabu ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiongeza kioo na mchanga, tangi hilo la lita 54 hupita kilo 70, zaidi ya mfuko mzima wa simiti. Meza ya plastiki haitalibeba. Mafundi wa Kamukunji watakuchomelea stendi ya chuma, au upange mawe ya kujengea na ubao mnene juu yake, pamoja na kipande cha mkeka laini ili kioo kisikae kwenye kokoto. Waya za umeme ziache zining'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji likifuata waya lidondoke sakafuni na lisiingie kwenye stima.

Tukizungumzia stima, hapa ndipo hesabu inaposhangaza. Pampu ndogo ya hewa ya wati tatu, inayoendesha filta ya sponji usiku na mchana, hutumia takriban uniti mbili tu kwa mwezi. Hita ya wati 50 ikiwaka nusu ya siku hutumia uniti 18. Zidisha hizo kwa bei ya tokeni zako utaona kinachokula pesa ni nini. Dawa yake ni kuchagua samaki kulingana na unakoishi. Mombasa na Kisumu, gapi na moli huishi bila hita. Huko kazi ni kuliepusha tangi na jua la dirishani. Nairobi, Nakuru au Eldoret, baridi ya Julai ni adhabu kwa gapi asiye na hita. Ukiwa na beseni la lita mia moja au zaidi, chukua goldifishi, ambaye baridi ya kwetu haimsumbui. Vinginevyo nunua hita ukijua umeongeza gharama ya kila mwezi.

Maji ya mfereji hutiwa klorini, ambayo huua samaki na wale bakteria wetu. Yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24, itoke. Kwa mara moja, mgao wa maji una faida: wengi wetu tayari tuna mitungi na ndoo zilizojaa kando ya mlango. Badilisha robo ya maji ya tangi kila wiki, wala usiyamwage yote hata yakionekana machafu vipi. Sponji usiioshe mferejini; ikamulie ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa. Kisha maji hayo yenye nitrati yapeleke kwenye sukuma wiki zako za guniani. Hakuna mbolea ya bei hiyo dukani.

Mapambo nayo yasikuumize kichwa. Mchanga wa mto uoshe mpaka maji yatoke safi. Jiwe ulilookota litone siki. Likitoa povu lina chokaa na litabadilisha maji, hivyo liache. Muombe jirani kijiti cha moneyplant, mizizi uitumbukize kwenye tangi na majani yabaki nje. Mmea huo hunyonya nitrati kwa bidii. Chakula ni kidogo sana, kile kinachomalizwa ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku. Pakiti moja itakaa miezi. Stima ikipotea, usilishe kabisa, na kila baada ya muda chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu ili hewa iingie.

Tuseme basi una Sh6,000. Sisi tungeweka nusu kwenye tangi na stendi yake, halafu pampu na sponji, halafu hita ikibidi. Samaki wangekuja mwisho, watano au sita wadogo, si kumi na wanane kwa sababu wameuzwa kwa bei ya jumla. Na tafadhali usichukue mkopo wa simu kwa ajili ya samaki. Wapo watakaokuambia ni hasla, kwamba gapi huzaa kila mwezi na utaomoka. Kuzaa wanazaa kweli, mara nyingi makumi kwa mpigo, lakini kila mtu mwenye gapi ana gapi wa kugawa. Kama hutaki msongamano, nunua madume pekee, nao ndio wenye mikia ya kupendeza.

Msongamano huo ndio hutuletea jambo zito zaidi. Wakishakuwa wengi, au mtu akihama, wazo la kwanza huwa kuwaachilia mtoni au kwenye bwawa, eti wakaishi kwa uhuru. La hasha. Gugumaji linaloziba Ziwa Victoria na kuwazuia wavuvi wa Kisumu kutoa mashua lilitoka Amerika Kusini na kuletwa Afrika kama ua la kupamba madimbwi, na likaonekana ziwani humo mwishoni mwa miaka ya 1980. Kamba wekundu wa Naivasha nao si wa hapa; walitiwa ziwani mwaka 1970. Samaki na mimea ya tangi mpe mtu mwingine au uirejeshe dukani, hata bila malipo. Kilichokufa kizike kwenye udongo.

Wauzaji wana lao pia. Hatuwaombi wapoteze biashara. Mteja ambaye samaki wake wanaishi hurudi kununua chakula, sponji, mimea na baadaye tangi kubwa zaidi. Yule ambaye samaki wake walikufa mara tatu huacha kabisa na kuwaambia wenzake samaki ni wa matajiri. Kwa hivyo muuzaji, kabla hujachukua wavu, muulize mteja tangi lake ni la lita ngapi na lina muda gani tangu liwashwe. Na wewe unayenunua, ukiambiwa tangi na samaki viende nyumbani siku moja, lipia tangi, waache samaki pale dukani, urudi kuwachukua baada ya mwezi.